Rojo Lililosaidiwa

14 Oktoba, Jumanne
Nimenunua daftari hili kwa sababu tajiri amenikataza kumweleza habari za nukta zangu za grafu wakati anakunywa kahawa. Basi nitazieleza karatasi, ambayo haina kahawa ya kupoa.

Jambo lenyewe ni hili. Karakana yetu hapa mtaa wa Ganapathi, mjini Kovai, inaunda visagio vya rojo la idli, vile vitumbua laini vya mvuke: pipa la chuma lenye sakafu ya jiwe, na juu ya sakafu hiyo mawe mawili yanayozungushwa na mota mpaka mchele na choroko vilainike. Kwa miaka ishirini tumeunda muundo uleule, na kwa miaka mitatu hakuna anayeutaka. Ni mzito. Mama wa miaka sitini hawezi kuyatoa mawe yale ayaoshe bila kumwita mtu. Mzee Nachimuthu, tajiri wetu, ameamua tuunde kisagio kipya. Kalibu za chuma za kumiminia sehemu zake zitachongwa mara moja tu, kwa sababu hana uwezo wa kuzichonga mara mbili. Tukikosea, karakana inafungwa na sisi kumi na sita kila mtu anashika njia yake. Aliyasema hayo asubuhi mbele ya wote, kisha akanitazama mimi, maana mhandisi ni mimi. Fundi wa kalibu anaanza kukata chuma Jumatatu ya tarehe 24 Novemba.

16 Oktoba
Tajiri anataka mambo matatu. Mawe yawe mepesi. Kusaga kusizidi dakika thelathini. Rojo liumuke vizuri. Ukiyasema haraka yanasikika kama jambo moja, lakini ni ndugu watatu waliolala chini ya shuka moja, na kila anayevuta kwake anamfunua mwenzake. Mawe mepesi husaga polepole. Ukiyazungusha kasi ili yawahi, rojo linapata joto. Na mwanamke yeyote wa mji huu atakuambia rojo lililopata joto kwenye kisagio haliumuki, idli zake zinakuwa ngumu kama vifungo.

Nilimuuliza ni lipi lililo muhimu zaidi. Akasema yote, na ndiyo sababu aliniajiri.

18 Oktoba
Marudhan, mchonga mawe wetu, ameniuliza hiyo kompyuta inajuaje habari za mawe. Nikamwambia haijui, inazalisha. Unaipa miundo mia moja, huyu na jiwe nene, huyu na jiwe jembamba, huyu mwenda kasi, huyu mzito wa kuamka. Unauweka kando muundo wowote unaopitwa na mwingine kwa kila jambo, kwa uzito, kwa muda na kwa kuumuka, maana hakuna sababu ya mtu kuuchagua. Waliobaki, yaani wasiopitwa, unawachanganya wazae: unene wa mmoja na kasi ya mwingine. Watoto nao unawachuja hivyohivyo. Baada ya vizazi mia tatu unapata mstari wa miundo ambayo huwezi kuupunguzia mmoja uzito bila kulipa kwa muda au kwa kuumuka. Mstari huo ndio ukingo.

Marudhan, ambaye kwao wanafuga mbuzi, alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa bibi mhandisi," akasema, "mbuzi wako hawa umeshawahi kumwonja hata mmoja?"

Swali zuri. Lilinikera siku nzima.

20 Oktoba
Sikukuu ya Dipavali. Mvua. Fataki za jirani zimegoma kulipuka. Nimekula halua mpaka nikajuta.

23 Oktoba
Tumeanza kuwaonja mbuzi. Tuna kisagio kimoja cha majaribio ambacho kasi yake inabadilika, na jozi tano za mawe alizochonga Marudhan. Nimepanga majaribio ishirini na manne. Kompyuta itajifunza kutokana nayo, na ikishajifunza itaweza kukisia maelfu ya miundo ambayo hatutaiunda kamwe.

Anayesaga ni mama Sellathal. Ana miaka hamsini na minane, na kabla ya kuja kwetu aliuza rojo kwa miaka thelathini kwenye uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha nyuzi. Anasaga asubuhi, anapima joto, anachanganya chumvi kwa mkono, anamimina kwenye chupa ya kioo yenye mistari. Kesho yake asubuhi anasoma rojo limepanda sentimita ngapi na kuniandikia. Watu wanasema mkono wake haujawahi kukosa kuumua rojo. Nilipomuuliza kama ni kweli, alijibu kwamba watu wanasema mengi, ila hakukana.

27 Oktoba
Jaribio la tatu. Sentimita saba. Mvua.

28 Oktoba
La nne na la tano. Saba na nusu, saba. Mvua. Barabara ya Sathi imekuwa mfereji.

31 Oktoba
La tisa, lenye mawe mepesi na kasi kubwa. Rojo lilitoka lina joto la nyuzi thelathini na tisa, nikajua hili sasa limekufa. Asubuhi mama Sellathal ameandika sentimita saba. Nilikwenda kuitazama chupa mwenyewe. Kweli, saba, lina mapovu mazuri kabisa. Nimesimama mbele ya chupa ile mpaka chai ikapoa.

5 Novemba
Majaribio kumi na nane, na ninaona jambo ambalo nadhani hakuna aliyeliona kabla yangu. Joto halina neno. Rojo la nyuzi ishirini na nane na rojo la nyuzi arobaini yanaumuka sawasawa. Bibi zetu wote walikosea, na mama yangu pia, ambaye leo jioni kwa simu alisema hawezi kubishana na mtu asiyejua kukuna nazi.

Nimefurahi kupita kiasi. Ndugu mmoja kati ya wale watatu hahitaji shuka.

11 Novemba
Majaribio yamekwisha, kompyuta imezalisha vizazi vyake, nami nimepeleka ukingo wangu kwa tajiri ukiwa umechapishwa kwa rangi. Nukta tisini, kila moja kisagio. Aliitazama kama anavyotazama bili ya umeme.

Alitaka kila kisagio kipewe alama kati ya kumi, tuchukue chenye alama nyingi tuende zetu. Nikamwambia alama moja inaficha: visagio viwili vinaweza kupata nane, kimoja kwa sababu ni chepesi na kingine kwa sababu ni cha haraka, na ukitazama ile nane tu hujui umenunua nini. Akasema hata ndoa zinapimwa hivyo. Unapeleka nyota za kijana na za binti, mnajimu anahesabu mapatano kumi, yakifika sita mnapika wali. Tajiri anamtafutia bintiye Maragatham mume tangu mwezi wa sita, kwa hiyo kila mazungumzo yanaishia huko.

Nikamuuliza, basi mbona yule kijana wa Tiruppur mlimkataa, si alikuwa na tisa kati ya kumi? Akaacha kikombe. "Lililokosekana lilikuwa Rajju," akasema. "Hiyo ni kamba ya shingo. Ikikosekana Rajju mume anakufa. Tisa zitamfaa nini binti yangu akiwa mjane?"

Nilirudi mezani kwangu nikicheka kimoyomoyo. Huyu ndiye mtu anayeamua hatima ya watu kumi na sita.

14 Novemba
Tajiri amechagua nukta ya 61. Mawe ya kilo nne na nusu badala ya kumi na mbili, dakika ishirini na sita, rojo nyuzi arobaini, kuumuka sentimita saba. Marudhan alinyanyua mawe ya mfano kwa mkono mmoja mmoja akazunguka nayo karakana nzima kama mtu aliyebeba vifaranga. Wote walipiga makofi. Mama Sellathal hakupiga, alikuwa anaosha chupa.

19 Novemba
Mama Sellathal ameomba ruhusa. Bintiye amejifungua huko Udumalai. Mimi nitarudia jaribio la nukta ya 61 mara moja zaidi, kukamilisha faili tu, kabla ya fundi kuanza Jumatatu.

20 Novemba
Nimesaga, nimetia chumvi, nimechanganya kwa mkono wangu. Sentimita mbili. Limelala kama uji wa mgonjwa.

Karakana nzima imecheka. Marudhan anasema mkono wa mtu ambaye hajaolewa ni baridi, rojo linaogopa. Nimecheka nao, kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kunyamazisha watu.

21 Novemba
Nimerudia. Moja na nusu. Leo sikucheka.

22 Novemba, Jumamosi
Kama ni mkono wangu, basi mkono wangu uharibu kila rojo. Hilo linapimika. Jana asubuhi, baada ya kusaga rojo la nukta ya 61, nilisaga pia kwa mawe makubwa ya zamani, polepole, nyuzi ishirini na tisa. Chumvi ileile, mkono uleule, choroko za gunia moja, chupa mbili zikakaa ubavu kwa ubavu. Asubuhi hii la polepole lina sentimita saba na nusu. La 61 lina moja na nusu.

Mkono wangu hauna kosa. Sasa sijui ni nini chenye kosa, na keshokutwa saa tatu asubuhi chuma kinakatwa.

Nilifungua daftari la majaribio nikalisoma upya, namba kwa namba, mwandiko wa mama Sellathal ulionyooka. Saba, saba, saba na nusu, saba. Majaribio ishirini na manne, mawe mazito, mawe mepesi, siku za jua mbili tatu na siku za mvua nyingine zote, na hakuna hata moja lililoshuka chini ya sita na nusu. Nilipoziona mara ya kwanza niliona ugunduzi. Leo nimeona kwamba hakuna jiko lolote duniani lenye namba hizo. Mimi mwenyewe, ambaye ninajigamba kuuliza kila kitu, sikuuliza kwa sababu namba zilinipendeza. Aibu imenishika nikiwa peke yangu chumbani.

Nitakwenda Udumalai kesho.

23 Novemba, Jumapili
Nilimkuta kwenye baraza la nyumba ya bintiye, amempakata mjukuu, anamkanda miguu kwa mafuta. Alifurahi, akadhani nimekuja kumtazama mtoto. Nikamtazama mtoto. Kisha nikamweleza habari za chupa mbili.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishangaza. Aliniuliza tu kama nililisaidia.

"Kulisaidia vipi, mama?"

"Likitoka na joto, au hewa ikiwa ya mvua kama hii, unalitia kijiko cha rojo la jana lililokwisha kuumuka. Kijiko kimoja, viwili. Nilikuwa ninakuja nalo kutoka nyumbani kwenye kopo." Akamgeuza mtoto upande wa pili. "Venil mwanangu, hata wewe hujui hilo?"

Nilimuuliza ni mangapi aliyoyasaidia. Akafikiri. Akasema yaliyohitaji. Kumi na moja, labda kumi na mbili.

Nikamwambia, mama, tulikuwa tunapima kama mashine inaharibu rojo. Ukilisaidia, mashine inafaulu kwa kijiko chako. Alimfunika mtoto miguu. Kisha akasema kwamba miaka thelathini watu wa uchochoro walimpa hela zao asubuhi wakijua watoto wao watakula. Rojo lisipoumuka hakuna anayesema mashine. Wanasema ni mkono wa nani huu. Hakuweza kusimama pale akitazama linakufa, na kijiko kiko kwenye kopo.

Hakudanganya. Nilikwenda kule nikiwa nimejitayarisha kukuta uongo, na nilichokuta ni mtu aliyefanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotaka. Kosa ni langu. Nilimwambia apime, sikumwambia akubali kushindwa. Hakuna mwanamke wa Kovai atakayekubali rojo lishindwe bila kuambiwa, na mimi nimezaliwa hapahapa, nilipaswa kujua.

Nilimwambia nitamweleza tajiri bila kutaja jina lake. Akaniuliza nitasema ni jini ndiye aliyetia kijiko? Alimkabidhi bintiye mtoto, akaingia ndani kufunga mfuko wake.

24 Novemba, Jumatatu
Tulimkuta tajiri getini, funguo za gari mkononi, yuko njiani kwenda kwa fundi wa kalibu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Mama Sellathal alinitangulia akasema yote kwa sentensi tatu, amesimama wima, mvua inamdondokea kutoka kwenye ukingo wa paa.

Nilitegemea tajiri afoke. Aliketi kwenye kizingiti, mtu mzima wa miaka sitini na saba, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema chupa mbili, zitazame. Akaenda akazitazama. Akachovya kidole kwenye ile ya 61, akakionja, akakunja uso. Halafu akampigia fundi simu kumwambia asikate.

Fundi amekasirika, anasema nafasi yetu anampa mtu mwingine, na nyingine ipo baada ya sikukuu ya Pongali, tarehe 19 Januari. Baada ya hapo hatatupokea tena. Tajiri akarudi kwetu akasema tuna hadi tarehe hiyo, na kwamba mama Sellathal ndiye atakayerudia majaribio yote. "Nani mwingine nimwamini?" akasema. "Huyu ndiye aliyekuja kwa miguu yake kuniambia."

26 Novemba
Jaribio la kwanza, mara ya pili. Kopo limeachwa nyumbani. Saba.

28 Novemba
La tatu. Nyuzi thelathini na saba. Mama Sellathal ameandika kwa mkono wake: halikuumuka.

29 Novemba
Halikuumuka. Tulimkuta mama Sellathal amesimama mbele ya chupa, mikono ameificha ndani ya pindo la sari kama mtu anayeogopa itamponyoka. Marudhan, ambaye ulimi wake hauna likizo, alipita nyuma yake kwa ncha za vidole.

1 Desemba
Sita na nusu. Halikuumuka. Mvua.

3 Desemba
Siku ya taa ya Karthigai. Tumepanga taa za udongo mlangoni, upepo umezizima zote isipokuwa mbili.

4 Desemba
Halikuumuka. Halikuumuka. Tano.

Leo mama Sellathal amenifundisha kitu. Anasema akilishika tu wakati wa kutia chumvi anajua kama litapanda au la, kabla ya chupa, kabla ya kipimajoto. Nikamwambia aandike anachokisia pembeni ya daftari, tutalinganisha. Nataka sana kujua mkono huo unahisi nini. Uzito? Ulaini? Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Udumalai, akasema labda nimwoe niujue vizuri.

9 Desemba
Yamekwisha. Makisio ya mkono wake tangu tarehe nne: sahihi kumi na moja kati ya kumi na mawili. Kipimajoto changu peke yake: tisa.

10 Desemba
Kompyuta imezalisha vizazi vyake kwa namba za kweli. Ukingo umekatika. Upande wa mawe mepesi hakuna nukta hata moja iliyo hai. Ili usage ndani ya dakika thelathini na rojo bado liumuke, unahitaji mawe ya kilo kumi na moja, yaani karibu na kisagio kilekile ambacho hakuna anayekitaka. Niliiacha iendelee vizazi elfu mbili, nikidhani ni uvivu wake. Jibu ni lilelile.

12 Desemba, Ijumaa
Leo nitaandika yote, kwa sababu nikisubiri nitayapamba.

Tulikaa ofisini watatu, tajiri, mama Sellathal na mimi, na grafu mezani. Nikaeleza. Tajiri akasema basi turudi kwenye alama, tupunguze kidogo hapa na kidogo pale, kuumuka sentimita nne, mawe kilo nane, kila mtu apate kipande. Nikaanza kumjibu, na katikati ya sentensi nikakumbuka yule kijana wa Tiruppur.

Nikamuuliza, "Tajiri, kisagio kina Rajju?"

Akanitazama kama ninamdhihaki. Nikasema simdhihaki. Kwenye nyota kuna mambo ya kupatana, yakizidi vizuri, yakipungua mnavumilia. Halafu kuna moja lisilovumiliwa, na hilo halipewi alama, linakuwa mlango: unapita au hupiti. Mimi nilicheka nilipolisikia, na ndilo jambo lenye akili kuliko yote yaliyosemwa hapa tangu Oktoba. Sisi tumeyafanya mambo matatu kuwa sawa bila kuuliza ni lipi ni mlango.

Akajibu papo hapo. Kuumuka. Idli isiyoumuka si chakula. Basi nikasema sentimita sita, chini ya hapo muundo haupiti, hata uwe mwepesi kama karatasi. Na nini kingine ni mlango? Akasema dakika thelathini.

Kwa nini thelathini? Kwa sababu kampuni kubwa ya mjini imeandika ishirini na tano kwenye boksi lake. Nani aliwauliza wanunuzi? Hakuna. Namba ile niliandikiwa siku ya kwanza nikaiingiza kwenye kompyuta kama amri, na vizazi vyote vile, maelfu ya visagio, vilichinjwa kwenye mlango huo bila hata kuonwa.

Mama Sellathal akauliza ni dakika za nani hizo.

Tajiri akasema za kusaga.

"Najua za kusaga. Nauliza ni za nani," akasema. "Mimi nikishawasha kisagio, nakaa nakitazama? Nakuna nazi, naogesha mtoto, nafagia mlangoni, nachora ua la unga kizingitini. Kikisaga saa nzima, hiyo ni saa yake, si yangu. Yangu ni kuyanyanyua yale mawe. Hilo hakuna anayenifanyia."

Tajiri ameoa miaka arobaini. Nilimwona akifikiria mkewe, na nina hakika hakuwahi kumwona akisimama mbele ya kisagio kukingoja. Mimi pia, mwanamke mwenye digrii mbili, sikufikiria, kwa sababu nyumbani kwetu anayesaga ni mama.

15 Desemba
Nimeondoa mlango wa dakika na kuufanya lengo la kawaida, pungua ukiweza. Kompyuta imefungua upande mzima wa grafu ambao hatukuwahi kuuona. Kule mbali, nukta ya 208: mawe kilo tano, mizunguko ya polepole, nyuzi thelathini, kuumuka saba. Dakika hamsini.

Nilipiga kelele mpaka Marudhan akaja na nyundo.

17 Desemba
Tajiri hakulala. Anasema ni kweli, lakini nani atakichukua dukani kisagio cha dakika hamsini kilichopangwa kando ya cha ishirini na tano? Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Mimi nina daftari, yeye ana watu kumi na sita. Zamani ningemwita mbishi.

Tumekubaliana hivi. Tutaunda vitano kwa kumiminia kwenye mchanga badala ya kalibu, vibaya vibaya, na kuvipeleka kwenye majiko matano ya uchochoro wa kiwanda cha nyuzi vikae juma moja. Kisha tajiri atakwenda mwenyewe kuvichukua na kusikiliza. Wakimwambia ni cha polepole, hachongi kalibu.

24 Desemba
Marudhan anachonga jozi ya tatu. Amekata kidole. Anasema mbuzi huyu ana pembe.

2 Januari
Vimekwenda. Rangi haijakauka kwenye viwili.

4 Januari
Jua, la kwanza kwa siku tisa. Sikwenda uchochoroni. Nilitamani.

6 Januari
Mama Sellathal naye hakwenda, nilimkataza. Akikiona kimoja kinasumbua atakisaidia.

9 Januari, Ijumaa
Tajiri aliondoka saa nne na gari la mizigo kuvichukua visagio vitano. Alisema atarudi kabla ya chakula. Saa saba hajarudi. Saa nane Marudhan alikuwa amenoa patasi zake zote mara mbili, na mama Sellathal ameosha chupa zilizokuwa safi. Mimi nilifungua grafu nikaifunga, nikaifungua. Nilijua kila nukta pale ilivyozaliwa na sikujua hata moja itakavyopokewa.

Saa tisa gari liliingia. Tulitoka wote kumi na sita tukasimama chini ya paa. Marudhan alizunguka nyuma ya gari ili avishushe, akafungua mlango, akabaki ameushika. Ndani hakukuwa na kitu isipokuwa kamba.

Tajiri alishuka taratibu. Shati lake lilikuwa na madoa ya chatini, na ilionekana amelishwa katika nyumba zote tano. Nikamuuliza viko wapi.

"Nyumba ya kwanza yule mama kaniambia hakipo, kakiazima dada yake," akasema. "Ya pili wamefunga mlango wakajifanya hawapo, na mimi nasikia kinasaga. Ya tatu ni bibi, ana miaka sabini na mbili. Kayatoa mawe mwenyewe, kayaosha mbele yangu, kayarudisha, kisha kakaa juu ya kifuniko. Nikamwambia bibi, ni cha majaribio, inuka. Akasema jaribu kuniinua."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunangoja.

"Hukuwauliza habari ya dakika?" nikasema.

"Niliwauliza wote watano. Hakuna aliyejua ni ngapi."

Akatoa simu mfukoni, akampigia fundi wa kalibu palepale uani, akamwambia Jumatatu ya tarehe kumi na tisa akate.